Kutoka Njombe Kutafuta Dawa ya Kidole

Niliondoka Njombe kwa sababu ya kidole kimoja. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa na kidonda kwenye ncha kwa miezi mitatu, na sasa pembeni kilikuwa kimeanza kuwa cheusi. Daktari wetu alisema ni skleroderma, ugonjwa unaokakamaza ngozi na kubana mishipa midogo ya damu. "Nenda Dar upesi, mwalimu," alisema. Hakutabasamu.

Alfajiri, ndani ya basi, kiyoyozi kilinipulizia kichwani. Kabla hatujafika Makambako vidole vilikuwa vyeupe, kisha bluu, vinachoma. Nikavaa soksi mikononi na kuziba tundu la upepo kwa kanga.

"Mama, abiria wengine wanataka hewa," kondakta akalalamika.

"Wengine wana vidole," nikamjibu.

Jioni nilifika Kariakoo kwa Bi Zuhura, mama wa mwalimu mwenzangu, anayeuza vitenge ghorofa ya chini ya nyumba anayoishi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, pole na safari." Akanyoosha mkono, wangu nikauficha. Aliona, akanipokea mkoba.

Asubuhi, hospitalini Upanga, daktari alikitazama kidole mpaka nikashindwa kuvumilia.

"Mtakikata?"

"Bado. Ila umechelewa."

Akanipima shinikizo la damu. Nifedipini, dawa ya kutanua mishipa niliyopewa Njombe, haikutosha. Angeongeza sildenafil ili mishipa ifunguke zaidi, na dawa ya kuua vijidudu. Ikishindikana, ningelazwa nitundikiwe dripu. "Famasi usishtuke," akasema. "Wengi wanaijua kwa kazi nyingine, ya nguvu za kiume."

Mchana, famasi ya Kariakoo ilikuwa imejaa. Muuzaji alisoma karatasi, akacheka. "Dada, hii ya mzee. Mwambie aje mwenyewe."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Niligeuka niondoke, lakini Bi Zuhura, aliyenisindikiza, alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Muoneshe," akasema.

Nikavua soksi niliyoufichia mkono. Kicheko kikakatika. Muuzaji akavaa miwani, akasoma upya, taratibu.

"Samahani sana, dada. Kuna dawa ya moyo unayotumia, ya kuweka chini ya ulimi? Hazichanganywi."

"Hapana."

Akanifungia vidonge.

Siku za kwanza kichwa kiligonga, na nikisimama ghafla chumba kilizunguka. Niliogopa dawa, niliogopa zaidi kuiacha. Kila asubuhi Bi Zuhura aliita kutoka jikoni, "Kimeamkaje?" nami nikakitazama kwa jicho moja.

Wiki ya tatu nilirudi Upanga. Daktari alibonyeza pembeni, mara mbili.

"Weusi umesimama. Chini kuna nyama mpya. Kidole kinabaki, ila hiyo ncha itadondoka yenyewe. Dawa usiache, na mikono isipate baridi."

Nililia palepale kwenye kiti, nikamlowesha koti.

Safari ya kurudi nilikaa mbele, kwenye joto la injini. Ncha ilidondoka nikiwa nyumbani, ndogo kama punje ya mtama.

Nilichojifunza ndicho hiki: dawa ilikuwepo siku zote nilizokuwa nikificha mkono kwenye mfuko wa sweta, nikingoja kipupwe kipite. Kipupwe kilipita, kikaondoka na ukucha. Sasa mtu akiniuliza kidole kimekuwaje, nautoa mkono, nampa akitazame kwa karibu.