Wiki ya Kuangalia Tu, Kabuta

Chuoni walimpa kila mtu fomu moja na onyo moja: mnakwenda kuangalia, si kufundisha. Wiki nzima unakaa nyuma ya darasa, unaona mwalimu anafanya nini, unaandika, mwalimu anatia sahihi, unarudi. Wenzangu walinuna, maana walitaka kushika chaki. Mimi nilifurahi mpaka nikaona haya, kwa sababu nilikuwa na jambo langu la kwenda kuangalia, na sikumwambia mtu.

Jambo lenyewe ni mkono wangu. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Zinawaka upesi na kuzimika upesi, lakini kabla hazijazimika mkono unakuwa umekwisha kutoka. Nilikuwa nikimfundisha binti yangu kusoma nyumbani, akakosea neno lile lile mara ya nne, nikampiga. Hakikuwa kibao kikubwa. Lakini tangu siku hiyo, nikiingia tu ndani, anafunika kitabu na kukikalia. Nikajiuliza: mtoto mmoja, tena wangu, amenishinda, nitawafanya nini sitini wa watu? Nikaazimia kwamba nisipopata jibu wiki ile ninaacha chuo, narudi kuuza mihogo pamoja na wenzangu tuliotoka nao Kongo. Afadhali muuza mihogo mkali kuliko mwalimu mkali.

Nilipangiwa Kabuta, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, darasa la pili, kwa mwalimu mwanamke wa umri wa mama yangu mdogo, mzaliwa wa hapo hapo ufukweni. Sifa yake ilikuwa imefika hadi mjini Nchelenge: hashiki fimbo, na darasa lake linatulia. Mimi nilisomeshwa kwa fimbo, na kila fimbo ilikuja na methali yake, samaki mkunje angali mbichi. Kwa watu wanaoishi kwa samaki methali hiyo ni kichekesho. Sijaona mtu Kabuta anayekunja samaki. Wanampasua, wanamtia chumvi, wanamwanika amenyooka.

Jumatatu nikakaa nyuma, kalamu mkononi. Watoto sitini na kitu walijibana kwenye madawati ya watu thelathini, wengine chini. Madirisha hayakuwa na vioo na ziwa lilikuwa pale pale. Mitumbwi ikifika, kelele za wanunuzi ziliingia darasani bila hodi. Nikamkazia mwalimu macho kinywani, nikingoja hilo neno lake la kunyamazisha. Alifundisha kwa Kibemba, kwa sauti ya kawaida, huku akipita katikati yao. Kelele zilipanda, zikashuka. Sikuona alichofanya. Jumanne vile vile. Kwenye fomu, mahali palipoandikwa "namna ya kutuliza darasa," palibaki peupe.

Mchana tulikula pamoja, ubwali, ndio ugali wa huko, na chisense, vile visamaki vidogo vinavyoanikwa mchangani. Kiswahili alikijua kwa biashara, kwa kuwa mama yake aliwauzia Wakongo samaki, na alipenda kunitania kwacho.

"Mama, siku mbili unaangalia kinywa yangu," aliniambia. "Ni radio?"

"Ninatafuta namna munanyamazishaka batoto, Madamu."

"Aa! Weye unataka kutumpula."

Akacheka mpaka akaweka tonge chini. Kutumpula ni kupiga maji kwa magongo ili samaki washtuke wakimbilie wavuni. Ni marufuku, na kila mtu ufukweni anamjua anayefanya hivyo. Nilicheka naye, lakini iliniuma, kwa sababu ndicho nilichotaka hasa: kitu cha kupiga mara moja, wote wanyamaze.

Alhamisi, katikati ya kipindi, mkuu wa shule akamwita.

"Bakia nabo kidogo," aliniambia mwalimu. "Usifundishe. Bakia tu."

Dakika mbili zilikwenda vizuri. Kisha mitumbwi ikaingia, mtu akapiga ukelele huko nje, na nusu ya darasa ikapanda madirishani. Niliwaambia wakae. Nikawaambia tena. Nikasikia joto linanipanda shingoni, joto ninalolijua vizuri. Rula ndefu ya mbao ya mwalimu ilikuwa mezani. Niliinyanyua juu, nikaipiga meza.

Kimya. Kimya kile kile nilichokitafuta tangu Jumatatu. Walirudi kila mtu mahali pake. Na msichana wa dawati la mbele, ambaye hata hakuwa amesimama, akaninyoshea mkono. Kiganja juu, macho ameyafumba. Hakulia. Alikuwa anangoja pigo lipite tu.

Niliona aibu kuliko siku ile ya binti yangu. Sikujua nifanye nini na rula, wala na mkono ulioishika. Nikaiweka rula kiganjani mwake, kwa sababu ndipo palipokuwa karibu.

Akafumbua macho. Akaitazama, akanitazama.

"Ncite shani, bamadamu?" aliniuliza. Afanye nini nayo.

Nilisema lililonijia: achore mstari ubaoni. Rula ilikuwa ndefu kuliko mikono yake, kwa hiyo jirani yake akainuka kumshikia upande wa pili. Wakachora, ukapinda, wakafuta, wakachora tena. Mvulana mmoja akaninyoshea kiganja, macho ameyafumba kwa makusudi, anacheka. Halafu mwingine. Halafu wote. Niligawa chaki, nikagawa kifutio, nikagawa kalamu zangu, na zilipokwisha nikatoa fomu ya chuo, ikaenda kuchorewa nyuma. Kelele zilikuwepo, tena nyingi, lakini dirishani hapakuwa na mtu. Mitumbwi ilishusha samaki wake bila sisi.

Mwalimu alirudi, akasimama mlangoni, akaacha waendelee.

Watoto walipotoka nilimwambia yote, nimesimama, sikujificha. Kwamba nilinyanyua rula. Kwamba kuna mtoto alinyosha mkono kabla sijamwambia neno. Alikuwa akiokota vipande vya chaki sakafuni. Akauliza ni mtoto gani, nikamwonyesha dawati.

Akakaa kwenye dawati hilo, magoti yakagusa ubao wa juu.

"Mama ya ule mutoto nilimufundisha miye, mu chumba hii hii," alisema. "Nilimupiga mpaka mukono ikavimba. Nilikuwa kijana. Kali kukupita weye."

Sikuweza kumwona akilini yule mwanamke mpole akimpiga mtu. Nilimtazama mikono.

"Mwaka huu ule mama mwenyewe alikuya na mutoto, amemushika mukono. Akaniambia, Madamu, huyu ni wenu."

Nikamuuliza aliwezaje kumtazama yule mama usoni.

"Sikuweza," alisema. "Niliangalia mutoto."

Kisha akaniomba fomu, nami nikainama chini ya madawati kuitafuta. Ijumaa nilifika kabla ya mwenye ufunguo. Sikukaa nyuma tena. Nilikaa dawati la mbele, nikijua kwamba chuo siachi, na yule msichana alipoingia alisogea kunipa nafasi.