Hodi Mlangoni kwa Kinyozi

Mdogo wangu ni kinyozi, na ulimi wake ni mali ya duka. Mtu akisema hodi, hata yeye akiwa usingizini, atajibu, "Karibu, kiti kipo!" Nilikuwa namcheka kwa hilo. Sasa simcheki tena.

Alipoachana na mkewe, walikubaliana binti yao wa miaka saba awe anakuja kwake Jumamosi. Nikamwambia, "We mtu, Jumamosi si ndiyo siku vichwa vyote vya mtaa vinakungoja?" Akasema atajua mwenyewe la kufanya. Atajua wapi! Leo yeye anaomba wasogeze siku, kesho mama mtu, ambaye ni muuguzi, amebadilishiwa zamu. Wiki ikaisukuma wiki, mtoto akawekwa kiporo.

Yule mtoto alizoea kuingia nyumbani kwa baba yake, huku ghorofani, kama upepo. Siku alipokuja tena, alisimama nje ya mlango ulio wazi.

"Hodi."

"Karibu, kiti kipo!" ulimi ukajibu.

Akavua viatu, akakaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani. "Asante," akasema.

Tangu hapo mdogo wangu hana raha. Akifagia, anasikia hodi. Bomba likidondosha maji, hodi. Anafungua mlango, hakuna mtu, kisha ananigongea chumba cha pili: "Dada, hukusikia?" Nilikuwa nikimkemea aache wazimu. Siku moja nami nikasikia, nikaenda kufungua mwenyewe.

Wakapanga upya: Jumatatu, siku anayofunga duka. Akadeki, akatandika kitanda kidogo, akaniapia, "Leo sijibu karibu. Mwenye nyumba hakaribishwi kwake. Nataka asukume mlango aingie, kama zamani." Akaurudishia mlango bila komeo, tukakaa.

"Hodi."

Akaniwekea kidole mdomoni.

"Hodi, baba."

Mdogo wangu anatabasamu, machozi yanamtoka, macho hayabanduki mlangoni. Mlango haukusogea. Nikasikia viatu vidogo vikishuka ngazi.

"Mjibu, mpumbavu wee!" nikamsukuma.

Akauvuta mlango, akatoka pekupeku. Sauti ilikuwa imeshafika chini, kwa mama yake aliyekuwa akimsubiri:

"Mama, hakuna mtu. Turudi kwetu."