Mwalimu Taratibu na Pistoni ya Nundu

Kwa miaka thelathini na mmoja alifundisha watu kuendesha gari, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuvuka kilomita hamsini kwa saa. Ndiyo maana wakamwita Mwalimu Taratibu, jina lililomkaa kuliko hata alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mwanamke mfupi, akikalia mto wa kochi ili aone mbele ya usukani, na pajani hakukosa rula ya mbao ya kuwagonga vidole wenye haraka ya kutia gia ya nne. "Anayekimbia anakimbilia nini?" alizoea kusema. "Huko mbele kupo, hakuhami."

Alipostaafu, shule ilimwachia gari lile lile alilofundishia, jekundu, la zamani, lenye taa za duara. Halikuwa zawadi kubwa sana. Kila likiwashwa lilifuka moshi wa bluu, na majirani walikimbilia kuanua nguo. Mumewe, aliyekuwa karani wa posta, alipendekeza ligeuzwe banda la kuku. Alipendekeza mara moja tu. Jicho alilokatwa lilimtosha.

Gari likavutwa hadi karakana ya Kishindo, fundi wa injini. Naye alikuwa mwanafunzi wake zamani, na jina hilo alilipata siku alipoliingiza gari hilo hilo kwenye ukuta wa shule. Mwalimu alimfelisha mara nne, kila mara akimwambia arudi wiki ijayo. Sasa Kishindo alikuwa na mvi kidevuni, miwani yenye kamba, na spana zilizopangwa ukutani kwa ukubwa kama watoto wa shule mstarini.

Akaifungua injini, akapima silinda zote nne, juu, katikati na chini, akaandika hesabu zake ukutani kwa chaki.

"Mwalimu, silinda zimelika. Nitazichonga zipanuke nusu milimita, halafu tutie pistoni za saizi hiyo. Ila sichongi mpaka nizishike hizo pistoni mkononi. Kwa hiyo chagua kwanza."

"Nichague nini? Pistoni si pistoni?"

Hapo ndipo Kishindo alipojiponza. Akaweka mbili mezani ili amwelimishe. Moja ilikuwa bapa kichwani kama kopo la maziwa, ya alumini ya kumiminwa kwenye kalibu, kama zile gari lilizotoka nazo kiwandani. Nyingine aliishusha kutoka rafu ya juu, kuukuu, iliyotolewa kwenye gari la mashindano. Hiyo ilikuwa ya kufuliwa kama jembe la mhunzi, na kichwani ina nundu. Nundu hiyo, alieleza, huubana mchanganyiko wa petroli na hewa kwa nguvu zaidi, na gari huondoka kama limechomwa sindano.

Mwalimu akaiokota ya nundu. Akaifuta kwa upindo wa gauni, akaigeuzageuza kama mtu anayechagua pete.

"Nataka za namna hii."

"Mwalimu, hizo ni za mbio."

"Nimesikia."

"Asubuhi zitagonga, ko-ko-ko, mpaka zipate moto."

"Hata magoti yangu yanagonga asubuhi, na sijatupwa."

"Kwa petroli ya kawaida, moto utawaka kabla ya wakati. Injini itajipiga nyundo yenyewe."

"Nitaendesha kwa adabu."

"Sasa kama ni kwa adabu, nundu ya nini?"

Mwalimu akatazama mlangoni, ambako mumewe alikuwa amejifunika gazeti, kisha akashusha sauti.

"Kishindo, mwanangu. Miaka thelathini na mmoja nimepitwa. Nimepitwa na malori, nimepitwa na baiskeli. Siku moja nilipitwa na mtu anasukuma mkokoteni, na akanipungia mkono. Unadhani nilikuwa sioni?"

Nyuma ya gazeti kulisikika kikohozi, kile kisichotibika kwa dawa.

Siku tatu mfululizo alirudi na hoja mpya. Siku ya nne Kishindo akaona maneno hayatamweza mtu aliyeishi kwa kusahihisha wenzake. Akaitumbukiza ile pistoni kuukuu kwenye silinda moja, akabandika udongo wa kuchezea watoto juu ya nundu, akafunga kichwa cha injini na vali zake, kisha akampa Mwalimu spana.

"Zungusha mwenyewe. Pole pole, mizunguko miwili."

Mwalimu akazungusha. Kishindo akafungua tena, akaukata ule udongo kwa wembe. Pale vali ilipopita, udongo ulibaki mwembamba kama ganda la kitunguu.

"Hapo ni kwa mkono," alisema. "Ukikanyaga mafuta, vali na pistoni zitapigana vichwa." Akavua miwani, akajitahidi asitabasamu, akashindwa. "Mwalimu, umefeli. Rudi wiki ijayo."

Mwalimu akacheka mpaka akakalia tairi.

Basi zikaagizwa bapa. Lakini usidhani alisalimu amri hivi hivi. Zilipofika alikuja na mizani yake ya jikoni, akazipima moja moja, akagundua ya tatu imezizidi nyingine gramu sita. Kishindo akasema mizani ile ni ya unga. Akapima kwa mizani yake: gramu sita. Ikarudishwa, ikaja nyingine, ndipo silinda zikachongwa.

Injini ilipowaka, haikutoa hata uzi wa moshi. Kishindo akatoa masharti: kilomita elfu moja za kwanza asivuke sitini, ili ringi za pistoni zizoeane na silinda, halafu arudi kubadilisha oili.

"Sitini tu?" Mwalimu aliuliza kwa uchungu, mumewe akashika mlango ili asianguke kwa kicheko.

Ili amalize upesi hizo kilomita elfu, alianza kutafuta safari. Aliwapeleka majirani kliniki kabla hawajaugua. Wageni aliwarudisha makwao kabla hawajaaga. Akatembelea ndugu ambao hakuwaona miaka, na wifi yake alipomwona mlangoni asubuhi, bila taarifa, alishika kichwa: "Wifi, nani amefariki?"

Mwisho akafika kwa dada yake mkubwa, mwendo wa saa mbili. Miaka minne walikuwa wakiahidiana kwa simu tu. Akakaribishwa, akalala siku mbili, na wiki iliyofuata akaenda tena, na ile nyingine pia.

Aliporudi karakana, Kishindo aliinama akasoma mita. Akaisoma tena.

"Mwalimu, umekwenda elfu moja na mia tisa! Ulitakiwa uje zamani."

"Dada yangu alikuwa hajamaliza kunisimulia," alisema Mwalimu, akavuta kiti kusubiri oili.