Test ya app yangu iliwaka kijani, kumbe haikupima hata neno moja

Wakuu, habari za humu. Hili limenikuta mwenyewe hapa Lushoto, sijatia chumvi.

Shule niliishia la saba. Leo nina malori yangu ya Fuso yanayoshusha matunda Mombo, na nina app. Ndiyo, app yangu! Mkulima anaandika mzigo wake, gari linampitia.

Anayeitengeneza ni Rehema, binti wa dada yangu, kasomea kompyuta chuo.

Nilimpa vipimo wanavyoandika wakulima: tenga, nusu tenga, debe, kisado, gunia. Akaandika test ya kukagua kama app inayakubali. Kompyuta inachukua neno moja, inajaribu kuagiza gari, inarudi kuchukua jingine mpaka yaishe. Wanaita loop. Niliipenda, ni kibarua asiyeomba chai.

Ikabaki siku moja tuwafungulie app watu wa Mtae. Akaiendesha ile test. Kijani, papo hapo!

"Mjomba, imepita."

Nikashika simu nimwambie Mama Eliya wa Mtae achume plamsi zake. Zikishachumwa, gari lisipokwenda zinamwozea, na barabara ya kule mnaijua.

Ila ile kasi ikanitatiza. Mimi nikinunua tenga namwaga mpaka chini, maana juu hupangwa yale mazuri. Hivyo ndivyo nilivyotajirika.

"Limepita neno gani na neno gani?"

"Yote, Mjomba."

"Nionyeshe."

Akaiambia itaje kila neno inaloshika. Kijani tena, na haikutaja hata moja.

Kumbe maneno aliyahamishia faili jingine, loop ikabaki inasoma faili tupu. Haina cha kujaribu, basi haina cha kufeli. Inapita!

"Chuo chote kile, unanipimia tenga tupu?"

"Na wewe Mjomba ulivyonisimamia kichwani kama mpiga debe!"

Tulicheka.

Akaweka sharti: orodha ikiwa tupu, test ifeli. Na kila neno likawa na test yake, moja likianguka mengine yanaendelea.

Safari hii nyekundu ikawaka kwenye nusu tenga. App ilikuwa inaikataa. Na Mama Eliya ana miti michache, tenga zima hajazi!

Rehema akarekebisha, yote yakapita kwa majina. Ndipo nikapiga.

"Shikamoo mama. Chuma."

Plamsi zake zilifika Mombo zingali ngumu.

Nilichojifunza: ukiambiwa kijani, uliza kimepimwa nini.

Nyie mnaoandika hizi test, loop tupu mnaikamataje? Shusheni ujuzi, na wa kunibishia karibu pia.