Goti Tuliloliombea

Kwetu bara, kwenye baridi na mashamba ya chai, ombi bila maelezo lilihesabiwa kuwa uvivu. Mama yangu akisimama kanisani kumwombea mgonjwa, alitaja jina, ukoo, ugonjwa, wodi na hata namba ya kitanda, Mungu asije akamponya jirani. Sisi watoto tulicheka, lakini tabia hiyo niliibeba nikavuka nayo bahari. Hapa Marekani mimi ndiye admini wa grupu la maombi la akina mama: Wakenya, Wakongo, Warundi, na marafiki wa marafiki ambao sura zao sijawahi kuziona. Kila asubuhi narekodi sauti natuma. Na mimi nikiomba, naomba kwa maelezo.

Mwaka jana nilimwombea rafiki yangu Mkongomani. Kazi yetu ni moja, kutunza wazee majumbani mwao, na yeye ndiye aliyetuanzishia mkutano wa Alhamisi kule Annandale, wa kudai likizo ya ugonjwa kama binadamu wengine. Kamwanamke kadogo, mdomo pilipili. Alikuwa ameitwa kwenye ofisi ya uhamiaji, na juzi yake alikuwa ameteleza bafuni kwa mzee anayemtunza, goti likavimba. Hakumwambia mtu ila mimi. Basi nikashika simu nikaomba: Baba, mkumbuke dada yetu kesho Jumanne saa nne, mguse goti lake la kushoto, na mikutano yake ya Alhamisi uibariki. Amina zikamiminika.

Jumanne mchana akanipigia. Sauti yake ilikuwa ndogo mno. Huniita yaya, ambayo kwao ni dada mkubwa.

"Yaya, ule mutu wa ofisi aliniuliza goti yangu inaendelea namna gani."

"Si alikuona ukichechemea?"

"Hapana. Nilikuwa nimekaa tayari wakati aliingia. Akasema, ile ya kushoto. Kisha akauliza mikutano yetu ya Alhamisi iko na watu ngapi. Alikuwa anacheka vizuri tu, yaya, kama mutu wa familia."

Nilikuwa jikoni kwa bibi ninayemtunza, kule Temple Hills, na nilijikuta nimeifunika simu kwa taulo la vyombo, eti taulo litazuia nini sijui. Mpaka leo hakuna aliyetuambia habari zile zilipitia wapi. Na wakati ule, haki ya Mungu, lile ombi langu halikunijia akilini hata kidogo. Kuomba kwangu hakukuwa kuongea na watu. Nilikuwa nimemwambia Mungu. Wengine walisikiliza tu.

Alhamisi hiyo hakuna aliyegusa chai. Tulikaa tukitazamana, kila mtu ameweka simu yake uso chini. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema mmoja wetu, na wote tukawaza mtu yule yule: dada mmoja Mrundi, mgeni kuliko sote, aliyetoka kambi ya wakimbizi akaletwa Beltsville peke yake, bila ndugu wala mkwe. Sisi ndio tuliomtafutia kazi, sisi ndio tuliompa lifti za kumfikisha kazini. Hatukuwa na kisa naye, ila alikuwa kimya, alikaa karibu na mlango, na kila kilichosemwa alikuwa akiandika kwenye kijidaftari. Siku hiyo alikuwa kwenye shifti, hakuwepo kujitetea.

Rafiki yangu alisema tumwulize kwanza.

"Tumwulize nini?" nikafoka. Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. "Unafikiri atakubali?"

Nikamtoa kwenye grupu pale pale, mbele yao, kwa kidole kimoja. Aliyekuwa akimpa lifti akaambiwa asimpitie tena. Nilirudi nyumbani nimetulia, kama mtu aliyemaliza kufagia.

Sasa nieleze habari za bibi. Ni Mmarekani mweusi, amepita miaka themanini, na ujanani alikuwa kati ya waliopigania haki za watu weusi katika jiji hili. Mpwa wake alikuwa ameiomba serikali faili la upelelezi lililowekwa juu yake miaka hiyo, na wiki ile ile likafika, boksi zima la karatasi zenye mistari iliyofutwa kwa wino mweusi. Macho ya bibi hayasomi tena, kwa hiyo kila alasiri nilikuwa namsomea. Ai, karatasi zile! Zilijua rangi ya mapazia yake. Zilijua vijiko vitatu vya sukari anavyotia kwenye kahawa, nani alikaa kiti gani, na kwamba dirisha la nyuma lilikuwa limekwama. Nilihisi tuko watatu chumbani, na yule wa tatu amenyamaza akitusikiliza. Mara mbili niliinuka kuangalia nyuma ya kochi.

Ijumaa, kesho yake baada ya kumtoa yule Mrundi, tulifika ukurasa wa ibada ya Jumatano. Mtoa habari, ambaye jina lake lilifutwa, aliandika kwamba mwanamke mmoja aliwaombea ndugu wawili watakaosafiri alfajiri na makaratasi ya kuandikisha wapiga kura. Nikaendelea kusoma, na chini ya sauti yangu nikasikia sauti nyingine. Bibi, amefumba macho, alikuwa anayatamka maneno kabla sijayafikia. Nikanyamaza. Yeye akaendelea peke yake, na mimi nikamfuata kwa kidole juu ya karatasi: wafunike, Bwana, wakivuka daraja, wafunike kwenye barabara ya mto. Hakukosea neno hata moja.

"Ni mimi huyo," akasema. "Niliomba mimi."

Wale ndugu walisubiriwa darajani wakapigwa, mmoja akapoteza jicho. Kanisa likatafuta msaliti, na likamwona mpiga kinanda, kwa sababu alitoka jimbo lingine na alikuwa na viatu vizuri. Bibi mwenyewe ndiye aliyemnyang'anya funguo za kanisa. Ukurasa uliofuata ulisema mpiga kinanda amefukuzwa, kwamba hakuwahi kuwapa wapelelezi habari yoyote, na kwamba watu wa kanisa waachwe waendelee kutafunana. Alikufa mbali. Bibi aliletewa habari za mazishi, hakwenda.

"Mle kanisani serikali walikuwa na mtu mmoja tu," akaniambia. "Kazi nyingine yote tuliwafanyia wenyewe. Nilimchukia yule mpiga kinanda maisha yangu yote, mwanangu. Nilimchukia kwa moyo safi kabisa." Akalia bila kujifuta.

Hapo ndipo ombi langu liliponirudia. Niliingia bafuni nikafunga mlango, nikaitafuta sauti ya Jumatatu, nikaisikiliza. Jumanne. Saa nne. Goti la kushoto. Alhamisi. Ilikuwa sauti yangu, tamu, yenye imani, na niliiogopa. Nikafungua orodha ya wanagrupu. Wengi walikuwa namba tu, bila jina wala picha, na sikujua nani aliwaleta. Hawajawahi kuandika hata amina. Mdomo uliponza kichwa, jamani, tena kichwa cha mwenzangu. Nikafikiria yule Mrundi asubuhi ile, amesimama kando ya barabara na mkoba wake wa kazi, akingoja gari lisilokuja. Niliona aibu mpaka nikakaa sakafuni.

Jumamosi asubuhi nikaenda Beltsville. Alifungua mlango bila kutoa mnyororo, nikaona jicho moja na nusu ya mdomo.

"Dada, naomba niingie."

"Hapana, mama. Ongea hapo uko."

Nikaongea hapo hapo kwenye korido. Nikamwambia habari za goti, na ombi, na kwamba maneno yale yalikuwa yangu, hakuna mwingine aliyeyajua. Nikamwambia tulimshuku kwa sababu anaandika.

"Ninaandikaka majina ya dawa za muzee wangu," akasema, "na maneno yenye sijue. Nikifika hapa ninayatafuta."

Nikashindwa kumtazama. "Nisamehe. Kazi walikufuta?"

"Jana."

"Njoo Alhamisi, nitakupitia mimi mwenyewe. Nitasema mbele ya wote, na wewe ukiwepo."

Aliusogeza mlango ukabaki ufa.

"Hapana, mama," akasema. "Enda useme nikiwa siko, vile mulinisema nikiwa siko. Mimi nilikuwa najua siyo mimi."