Nilimtengenezea mwanangu vazi la fisi, sasa roho ya mama yangu iko mashakani

Salamu kwenu mnaosoma ukurasa huu. Admin, jina langu lifiche, na majina niliyoyataja humu si ya kweli. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mbili, Msukuma, elimu yangu darasa la saba. Naishi Columbia Heights, jirani na Minneapolis, Marekani, na mke wangu ambaye ni Mchaga. Yeye ndiye aliyeshinda bahati nasibu ya viza, mimi nikaja kwa mgongo wake. Tuna mtoto mmoja wa kiume wa miaka saba, nimwite Shija. Kazi yangu ni kupakia maboksi ghalani, na nikirudi nyumbani mgongo unakataa hata kuinama nivue viatu. Nayasema haya mjue kwamba sikupanga ubaya wowote. Nilitaka mtoto afurahi.

Huku mwishoni mwa Oktoba kuna sikukuu ya Halloween. Watoto huvaa mavazi ya kuigiza, wakapita nyumba kwa nyumba kuomba peremende. Madukani kunajaa mavazi ya maboga, mabinti wa mfalme, mifupa ya mtu, buibui, simba. Mke wangu alilishika la simba akaliona jepesi kama chandarua. Mwezi huo baridi inauma, na mtoto akivaa koti juu ya vazi hakuna atakayejua yeye ni nani. Waliozoea huku hushona vazi pana lipite juu ya koti. Nikasema basi la kwetu tutalitengeneza wenyewe.

Shija alitaka kuwa fisi. Mimi ndiye ninayemsimulia nilivyochunga ng'ombe utotoni huku fisi wakitunyemelea. Alinijibu kwa Kiingereza chake kwamba darasani simba wako watatu tayari, yeye anataka mnyama asiye na mwenzake. Tukanunua blanketi la kahawia duka la mitumba. Mke wangu alikata na kushona, mimi nikachora madoa kwa dawa nyeusi ya viatu na kukata masikio ya boksi. Mke wangu akaona shingo iko tupu, akamvika shanga alizotumiwa na mama yangu siku za nyuma. Nikacheka. Shija alitambaa sebuleni akilia kifisi, tukampiga picha. Tulipoisafisha, mke wangu akampa mtu aliyekuwa anakwenda Mwanza, imfikie bibi yake.

Wasio Wasukuma labda hamjanielewa. Kwetu fisi ni mnyama wa wachawi. Watu husema mchawi humfuga na kumpanda usiku, na fisi wa mchawi hujulikana kwa shanga shingoni. Mke wangu hakuyajua hayo. Mimi niliyajua, lakini maisha ya huku yamenilegeza, nikaona ni mchezo wa mtoto. Na mama yangu ni mjane, anakaa peke yake kijijini, macho yake mekundu kwa moshi wa samadi anayopikia miaka yote. Mtu wa Usukumani anajua mwanamke mzee mwenye macho mekundu anavyotazamwa. Wapo waliokatwa mapanga kwa hayo macho tu.

Mama aliipenda ile picha. Aliibandika ukutani, na kila mgeni akaonyeshwa mjukuu wa Marekani. Kisha mtoto wa jirani akashikwa na homa, akafariki. Mdogo wangu Masanja, anayeishi Mwanza mjini, alinipigia nikiwa kwenye mapumziko ya chakula. Aliongea polepole, na huyu ni mtu wa kupayuka. Alisema vijana wawili walikwenda kwa mama, wakamwamkia vizuri, wakaomba maji ya kunywa. Walipoondoka, picha haikuwepo ukutani.

"Kaka, ile picha iko kwa mganga," akasema. "Maneno yaliyopo ni kwamba bibi kamrithisha mjukuu, na fisi wake siku hizi anafugwa Ulaya."

Nilitaka kucheka, kicheko hakikutoka. Msimamizi aliniuliza kama naumwa.

Nilipomweleza mke wangu alisema tuombe, picha itamfanya nini mtu. Baadaye nadhani alikumbuka ni nani aliyemvisha mtoto shanga.

"Sasa mbona hukuniambia, Baba Shija?" akaniuliza. "Ulisimama pale pale unacheka."

Nikampigia Masanja aende polisi.

Masanja alikwenda kituo cha polisi, wakamwambia hakuna kosa lililotendeka bado. Akaenda kijijini kumchukua mama, mama akakataa kupanda gari. Akampa simu niongee naye. Nikamsihi aondoke siku ile ile.

"Nikikimbia nitakuwa nimekiri," akasema. "Na kaburi la baba yako namwachia nani?"

Nikamwambia basi nitakuja mwenyewe, niwaeleze wazee kwamba lile ni blanketi na dawa ya viatu. Mama akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani.

"Wewe uko mwisho wa dunia, mwanangu. Ukitokea hapa kesho kutwa watasema nimekuleta kwa ungo."

Alisema kweli. Nikimtoa kwa lazima, watasema amekimbia hatia, na hatarudi kwake tena. Nikienda, nimewapa ushahidi. Na kukaa huku nikipakia maboksi ya watu, kila simu ikilia nadhani ndiyo ile ya msiba, siwezi. Shija ananiuliza kama bibi aliipenda picha. Namwambia aliipenda sana, halafu natoka nje nisimame kwenye baridi.

Kama kuna mtu wa kwetu aliyewahi kumtoa mzazi wake kwenye tuhuma ya namna hii akiwa hai, aniambie alianzia wapi. Wengine pia msinicheke, nishaurini, nifanye nini? Naomba majibu mapema. Masanja anasema matanga ya yule mtoto yanaanuliwa Jumamosi, na mganga ameahidi siku hiyo atamtaja mtu.