Mfuniko wa Pipa la Jasi

Agnola alipewa chumba cha nyuma ya karakana ya Fundi Vannuccio pamoja na mwiko mrefu kama kasia, na hakuna aliyehitaji kumwambia kwamba kimoja ndiyo malipo ya kingine. Mumewe alikuwa ametoka kuzikwa, na binti yake Nanna alikuwa hajaota hata jino. Pale Siena mjane asiye na kitu alikuwa akimwacha mwanawe kwa masista wa hospitali, kisha yeye aende kunyonyesha watoto wa matajiri. Agnola aliushika mwiko kwa mikono miwili.

Kazi ilikuwa kukoroga jasi. Ubao wa picha ya kanisani haupakwi rangi ukiwa mtupu. Hupakwa kwanza jasi nyeupe iliyochanganywa na gundi ya ngozi ya mbuzi, tabaka juu ya tabaka, halafu hukwanguliwa mpaka ukipitisha kidole unadhani ni shavu la mtoto. Lakini kabla ya hayo yote, jasi yenyewe sharti ife. Ndivyo mafundi walivyosema. Hulowekwa kwenye pipa la maji ikakorogwa kila siku, siku thelathini, mpaka ukali wote uitoke. Ukiitoa mapema haitakuambia kitu. Picha itapendeza, watu watapiga magoti mbele yake, kisha itaanza kupasuka.

Kila asubuhi Agnola alimfunga Nanna mgongoni kwa shali, akachora mstari wa mkaa ukutani, akakoroga. Mtoto akichoka na mgongo, aliwekwa chini akitafuna mpini wa brashi kuukuu, maana fizi zilikuwa zimeanza kumwasha. Wanagenzi walizoea kumtania mama yake. Meio, mkubwa wao, ambaye alikuwa mwaka wa saba pale na bado alikuwa akichora viwiko vya malaika tu, nyuso zikiwa za Fundi, alipenda kumwambia, "Mama Nanna, hata uiimbie, hiyo haitalala." Naye humjibu kwamba angalau jasi inasikia, kuna watu miaka saba hawajasikia.

Kitu kimoja hawakukitania, nacho ni jina la Nofri.

Nofri, mumewe Agnola, ndiye aliyekuwa mpakaji wa jasi katika karakana ile. Miaka mitatu nyuma mzee mmoja tajiri wa ukoo wa Scarselli aliagiza picha kubwa ya Bikira Maria. Siku ya kuizindua, padri akiwa katikati ya sala, bega la Bikira lilibanduka likaanguka altarini kama ganda la yai. Watu walicheka kanisani. Fundi Vannuccio akamwambia mzee kwamba mpakaji wake wa jasi alikuwa mlevi. Basi. Neno hilo lilizunguka mji, na hakuna karakana iliyomtaka Nofri tena. Akaenda kuvuna ngano kule Maremma, kwenye mabwawa na mbu, akarudi na homa, na homa ikamwua wakati Nanna ana miezi mitatu.

Kabla hajafa alimwambia mkewe mara nyingi, kwa sauti ile ya mtu anayejua haaminiwi, "Ilikuwa siku ya kumi na moja. Niliwaambia." Agnola alimwamini. Nofri alikuwa akinywa divai nusu kikombe na kusinzia mezani.

Ikafika katikati ya mwezi wa sita. Karakana ilikuwa na kazi moja kubwa: Bwana Ghino Scarselli, mfanyabiashara wa sufu, aliyeurithi utajiri wa ami yake, yule mzee ambaye sasa ni marehemu, alitaka picha mpya mahali pa ile ya aibu. Alitaka iwe kanisani katikati ya mwezi wa nane, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, mji mzima ukiwa nje na mishumaa. Lakini seremala alichelewesha ubao, na ubao ulipofika Fundi alihesabu siku za jasi, za dhahabu, za rangi, akaona hazitoshi.

Bwana Ghino akaja mwenyewe, amevaa joho jekundu katika joto lile, na mtumishi nyuma yake. Akaukuta ubao umeegemezwa ukutani, mtupu. Akauliza wanangoja nini. Fundi akaeleza mambo ya pipa huku akipangusa mikono ambayo haikuwa na kitu. Bwana akamsikiliza, kisha akasema kuna mafundi wengine mtaa wa pili, nao wana watoto wa kulisha.

Fundi akageuka. "Agnola, mwanangu, funua pipa. Tunaitoa leo."

"Leo ni siku ya kumi na tisa, Fundi."

"Najua kuhesabu."

"Basi zimebaki kumi na moja."

Hakulisema kwa ukali. Nanna alikuwa ameanza kulia, kwa hiyo akamshusha mgongoni, akakaa juu ya mfuniko wa pipa kwa sababu ndipo palipokuwa karibu, akamnyonyesha. Alipokwisha kukaa ndipo alipojua kwamba hataondoka. Alikifikiria kile chumba cha nyuma, kitanda chake na dirisha lake dogo linaloingiza jua la asubuhi, akaona anaweza kuvumilia kukikosa. Jasi ya Nofri ilitolewa siku ya kumi na moja; kosa hilo hakuweza kulirudia kwa mikono yake mwenyewe.

Bwana Ghino akatabasamu, akamwuliza Fundi karakana ile inaendeshwa na nani, yeye au yaya. Wanagenzi wakacheka kidogo, kisha wakaacha.

Fundi akamwamuru Meio amwinue. Meio akaja, akainama, akanong'ona, "Dada, usinitie aibu. Inuka tu, yaishe."

"Niguse," Agnola akasema. "Mtoto akiachia ziwa, utambembeleza wewe."

Meio akaitazama mikono yake, imejaa udongo mwekundu wa kubandikia dhahabu, akaificha nyuma na kurudi kwenye benchi lake.

Sasa tabasamu la Bwana lilikuwa limeisha. "Wewe mwanamke. Unajua umekaa mbele ya nani?"

"Najua, Bwana. Na najua nimekalia nini."

Akasimama, Nanna angali kifuani, akauinua mfuniko kwa mkono mmoja na kuugeuza. Upande huo hakuna aliyekuwa akiutazama. Agnola alikuwa akiuosha kila Jumamosi kwa kitambaa chenye unyevu, taratibu, asibandue zaidi ya kilichokwisha kubanduka. Lilikuwa bega la pili la Bikira, la buluu, limepasukapasuka kama mto uliokauka, na chini yake, pembeni, jogoo mwekundu ameshika ufunguo kwa ukucha. Nembo ya Scarselli. Picha ile ya aibu iliporudishwa Fundi aliikata vipande, maana hakuna anayetupa mbao nzuri, na kipande hiki kikatosha pipa.

Bwana Ghino alimtambua jogoo. Alikuwa kanisani siku ile. Alikuwa miongoni mwa waliojizuia kucheka.

"Huyo aliyeipaka alikuwa mlevi," akasema.

"Alikuwa mume wangu," Agnola akasema. Kisha hakumtazama tena Bwana. Alimtazama Fundi. "Mwambie, Fundi. Nofri alikoroga siku ngapi?"

Mmoja wa wanagenzi alikuwa anasaga rangi, jiwe likasimama.

"Kumi na moja," Fundi akasema.

"Na nani alimwambia aitoe?"

Fundi Vannuccio alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na viongozi wa mji walimwamkia njiani. "Mimi," akasema. Halafu, kwa kuwa alikwisha kuanza, akamgeukia Bwana. "Ami yako alikuwa amesimama hapo ulipo, naye ana haraka. Nikaogopa. Nikamtwisha Nofri."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Agnola aliurudisha mfuniko juu ya pipa, na mara hii nembo ikiwa juu.

Bwana Ghino akaondoka. Kesho yake mtumishi wake akaleta jibu, naye alilisema kwa kukariri. Picha ingojewe mpaka mwezi wa tisa, sikukuu ya kuzaliwa Bikira. Jasi ife siku zake zote. Lakini yule mwanamke aliyekaa huku Bwana Scarselli amesimama, Bwana asimkute tena humo.

Fundi alikuja chumba cha nyuma kumwambia, akashindwa pa kuanzia. Agnola akamsaidia. Aliuliza kama Bwana atakuja kabla ya siku kumi. Fundi akasema hadhani.

"Basi nitaondoka siku ya thelathini," Agnola akasema. "Si kabla. Pipa ni langu mpaka hapo."

Fundi akashauri aandike barua ya kuomba radhi, yeye mwenyewe angempa maneno. Agnola akamjibu kwamba maneno anayo, na hilo la radhi halimo. Akakoroga siku ile, na zile zilizofuata. Meio hakumtania tena. Alimletea jamvi la kukalia, na siku moja cheri kwenye kofia.

Siku ya thelathini alichota jasi kwa kiganja, akamwita Meio aishike. Ilikuwa laini, baridi, haina punje. Akampa mwiko. "Kesho anza pipa jipya," akamwambia. "Mstari wa kwanza chora wewe."

Akamfunga Nanna kifuani, akauchukua mfuniko na kamba.

"Huo ni wa karakana," Fundi akasema, si kwa nguvu.

"Nizuie basi."

Fundi alisogea. Agnola alidhani atamnyang'anya, lakini yule mzee aliuweka ubao mgongoni mwake, rangi ikitazama nje, akaifunga kamba, akaifungua, akaifunga tena isimkate mabega.

Agnola alikuwa na binamu upande wa lango la kusini. Njia fupi ilipita nyuma ya soko. Agnola akashika njia ndefu, ile inayopita mbele ya nyumba ya Scarselli, asubuhi watumishi wakiwa mlangoni na wauzaji mboga wamejaa. Jogoo mwekundu akapita mgongoni mwake na ufunguo wake na nyufa zake zote. Watumishi wakaacha kufagia. Mama mmoja muuza kunde akamwuliza kama anauza ubao ule.

"Siuzi."

"Ulikuwa mzuri, loo. Nani aliuharibu?"

"Si Nofri," Agnola akasema, na aliyefuata alipouliza, akamwambia hivyo hivyo.